Ratiba ndiyo kipimo
Ndugu, umeuliza kama chuo kikuu cha dini kinaweza kuwapokea wanafunzi wa imani nyingine bila kupoteza misingi yake. Kinaweza: Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale, Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, huwadahili pia wasio Waislamu. Ila kudahili ni hatua nyepesi. Ugumu umo katika ratiba, chakula na mavazi. Wanafunzi Waadventista walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere cha hukohuko Uganda, ambacho hata si chuo cha dini, kwa kuwekewa masomo na mitihani siku ya Sabato, yaani Jumamosi, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikawakatalia mwaka 2006. Kwa maoni yangu, chuo kisisubiri kushurutishwa na sheria, bali kimweleze mwombaji masharti yote kabla hajalipa ada, na kimpangie siku nyingine ya mtihani anayezuiwa na ibada.