Vigae vya saruji na mbao bafuni: kabla hujamwita fundi

Wanaoniuliza kuhusu bafu la vigae vya saruji na mbao huja na picha mkononi: sakafu ya mauamaua, meza ya mvule chini ya beseni, basi na wao wanataka hivyo hivyo. Mimi nauliza kwanza, nani ataoga humo, na anaogaje? Kwetu Unguja mtu anatawadha, anaoga kwa ndoo na kata, anafua vinguo viwili vitatu, na sakafu nzima imelowa. Upande mkavu haupo mpaka uutenge mwenyewe kwa kijukuta au kwa kushusha sakafu ya sehemu ya kuogea.

Nasema hivyo kwa sababu vitu hivi vyote viwili, kigae cha saruji na mbao, vinakunywa maji. Kigae cha saruji hakichomwi tanuruni kama marumaru za dukani, yaani vile vigae vya kauri. Kinashindiliwa kwa mashine kisha kinaachwa kikomae, na rangi yake ni tabaka la milimita chache tu juu.

Hapo ndipo mafundi wetu wanapoteleza. Wamezoea marumaru: wanabandika, wanajaza grauti (ule ujazo wa mianya kati ya vigae), wanafuta kwa kitambaa, wanaondoka. Kigae cha saruji kikijazwa grauti nyeusi kabla ya kupakwa dawa ya kuzuia maji, weusi unaingia ndani ya ua jeupe na hautoki. Nimemwona fundi akisugua kwa msasa mpaka ua lenyewe likafifia, doa bado lipo. Paka dawa kwanza, iache ikauke, halafu dondosha tone la maji. Likijikusanya juu, endelea. Kigae kikiweka weusi chini ya tone, rudia. Na fundi asikigonge kwa nyundo, hata ya mpira. Akibonyeze kwa mikono, la sivyo utaona nyufa nyembamba baadaye.

Pima na unene. Vingi vina milimita 16 hadi 20, karibu mara mbili ya marumaru ya kawaida. Sakafu inapanda, mlango unakwama, na ule mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji unapotea usipopangwa mapema.

Kwa nyumba ya Mji Mkongwe, tena ghorofani, mimi ningesita. Sakafu zile zimebebwa na boriti za mikoko, na maji yakivuja kidogo kidogo yanaozesha vichwa vya boriti ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinataka kupumua. Weka vigae mpaka pale maji yanaporukia, juu yake piga lipu ya chokaa, si ya saruji. Na mji huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitangulie nyundo.

Mbao: mvule au msaji, na iwe imekauka kweli. Meza ya beseni itundikwe ukutani, miguu isiguse sakafu. Vichwa vya mbao, pale msumeno ulipopita, ndivyo vinavyokunywa zaidi. Vipake mafuta mara mbili tatu kabla ya kufunga. Vanishi siipendi bafuni. Ikipasuka, maji yanapenya chini yake na kukwama humo, mbao inakuwa nyeusi. Skrubu ziwe za stenlesi, maana hewa ya chumvi hapa haina huruma na chuma. Dirisha lifunguke; masika bafu lisilo na upepo halikauki.

Mwisho usafi. Asidi ya kusafishia choo, siki, hata ndimu, vyote vinakula saruji. Mwambie kila anayeshika brashi nyumbani, kwa sababu mmiminiko mmoja tu unaacha alama ya weupe ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa. Sabuni laini na maji vinatosha, kisha sakafu ivutwe maji kwa mpira.