Jenga Uhusiano Kabla ya Mnada wa Korosho

Biashara ya vifaa vya ujenzi hapa Masasi, kusini mwa Tanzania, hufuata msimu wa korosho. Minada ikianza mwezi Oktoba na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, bati, saruji na nondo hutoka kwa kasi. Lakini ikifika Machi, mtu anaweza kushinda dukani tangu asubuhi asiuze zaidi ya kufuli na misumari. Wenzangu wengi huihesabu miezi hiyo kuwa ya hasara. Mimi huitumia kujenga biashara, kwa kuwa ndipo ninapopata nafasi ya kukaa na mtu asiye na fedha ya kunipa na kumsaidia bila haraka.

Mkulima wa Newala au Nanyumbu akija kuuliza bei, ninamkaribisha kiti, ninamuuliza vipimo vya nyumba yake, tunakokotoa pamoja idadi ya bati na mbao, kisha ninamwandikia karatasi ambayo yuko huru kwenda nayo duka lolote. Anayejenga karibu na bahari, kwa mfano Mikindani, ninamweleza kwamba hewa ya chumvi hula bati nyembamba mapema, na kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30 ingawa namba yake ni ndogo. Nisipokuwa na anachohitaji, ninamwelekeza duka la jirani. Wapo wasiorudi, na hiyo ni haki yao. Wanaorudi huja na shemeji, na mwalimu wa kijijini, na kamati ya msikiti inayotaka kuezeka upya.

Lakini wema unaotolewa ili kumfunga mtu ni dhuluma, na sisi wa Kusini tunaifahamu vizuri kupitia kangomba: mwenye fedha humkopesha mkulima wakati wa shida, kisha msimu ukifika hulipwa kwa korosho zinazothaminiwa chini kabisa ya bei ya mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi na mzigo huuzwa kwa mnada, ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, na kangomba imepigwa marufuku, ila mgonjwa wa mwezi Februari hawezi kusubiri Oktoba. Ndiyo maana ninawasihi wenye maduka: ukiweza kumkopesha mtu, mkopeshe kwa bei ileile ya dukani, akulipe kwa shilingi, usipoweza, mwambie ukweli kwa heshima. Mteja aliyekubaliwa deni kwa kunyonywa hulipa, kisha hupita mbele ya duka lako akiangalia upande wa pili.

Kwa mafundi nina msimamo huohuo. Simpi fundi asilimia ya siri inayorudi kwenye bei ya mteja. Ninawaelekeza wateja kwake ikiwa kazi yake ni safi, na akifiwa ninakwenda kumzika ndugu yake, bila kutamka neno la biashara matangani.

Anayetaka kuanza atafute daftari, si la madeni, bali la watu: jina, kijiji, nyumba imefikia msingi au lenta. Mikorosho ikianza kutoa maua, apige simu aulize kama ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, umeingia shambani, na akisikia salfa, dawa ya kuuzuia, imefika kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, amjulishe mkulima siku hiyohiyo.