Barua kwa mwanangu: wa nyuma naye yuko safarini

Mwanangu mpenzi,

Barua yako tumeipata, na sisi ni wazima. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema wewe na mkeo mmepanga kuvuka milima ya Alps kwa pikipiki moja, wiki mbili, mkipita Stelvio ya Italia na Grossglockner ya Austria, njia zilezile za juu milimani tulizopita sisi kabla hujazaliwa. Kisha ukaniuliza mimi: "Mama, uliwezaje kukaa nyuma siku zote zile, na nifanye nini mwenzangu asije akajuta?"

Nimefurahi sana kuulizwa. Kila anayetaka habari za safari ile humfuata baba yako kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani, na anapewa habari za injini na kona. Habari za kiti cha nyuma hakuna anayeziuliza.

Ukweli ni kwamba siku ya kwanza ya milima sikuweza.

Tulianza kupanda Stelvio kutokea Prato, mji ulio chini ya mlima. Kilele chake ni mita 2,757, na upande huo una kona 48 za kujikunja, zile ambazo ukiangalia juu unaiona barabara ileile ikirudi juu ya kichwa chako. Kila kona ina namba yake, na namba zinapungua kadiri unavyopanda. Njia hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, wakati Lombardia, jimbo la Italia ya leo, iko chini ya Austria, na waliokuwa wakiipita ni farasi na magari yao. Ndiyo maana kona zake zinabana hivyo.

Baba yako aliendesha vizuri, hilo nalisema bila kumbembeleza. Lakini kila tukifika kona alikuwa akishika breki, na helmeti yangu inakwenda mbele kugonga yake: ko! Anabadilisha gia, ko! Akiongeza mafuta kutoka kwenye kona navutwa nyuma, navishikilia vile vishikio kwa nguvu zote, halafu kona nyingine hiyo. Nilihesabu namba kuanzia 48. Zilipofika thelathini na kitu nikaacha kuhesabu, nikafumba macho, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Ukifumba macho mwili haujui pikipiki inalalia wapi, tumbo linachafuka, na bila kutaka unauvuta mwili upande usiotakiwa. Baba yako alisikia pikipiki inamgomea akadhani ni tairi.

Hili ndilo nililotaka ulishike kuliko yote. Anayeendesha anajua breki inakuja kwa sababu mkono ni wake. Mwili wake unajikaza kabla. Wa nyuma anaipata breki ikishafika. Kona ileile, mwendo uleule, lakini ni safari mbili tofauti, na ya nyuma ni ngumu zaidi hata kama hakuna kazi ya mikono. Mwendo unaouona wewe wa kawaida, kwake huenda ni wa hatari. Kwa hiyo usipime kwa hisia zako. Pima kwa zake.

Tulipofika juu sikuweza kufungua mkanda wa helmeti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na kutoka Prato hadi kileleni ni zaidi ya mita 1,800, kwa hiyo tulipoteza nyuzi 12 hivi kwa mwendo wa kilomita 25 tu, mbali na upepo. Anayeendesha anapata joto kidogo kwa kufanya kazi. Wa nyuma amekaa tuli kama mzigo, damu haichemki. Baba yako alinifungulia ule mkanda huku uso unamng'aa, ananionyesha barabara chini ikiwa kama uzi uliomwagika, anasema, "Umeona? Umeona?" Nikamwambia sipandi tena.

Alinyamaza. Hakubishana, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Lakini juu ya mlima hakuna pa kulala bila kushuka, na kushuka ndiko kulikotufundisha la pili. Kuelekea Bormio, mji wa upande wa pili wa mlima, unateremka mita 1,500 hivi. Baba yako kwa kutaka kunionea huruma akashuka polepole, mkono haubanduki kwenye breki. Tukiwa hatujamaliza hata nusu nikasikia harufu kali, kama kitu cha chuma kimeungua. Kisha nikamwona mabega yake yamepanda. Alikuwa amebana mkono wa breki ya mbele ukaenda mpaka ukagusa usukani, laini, haukamati kitu. Aliingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia, pikipiki ikatulia, tukaegesha upande wa mlima. Tulikaa juu ya jiwe karibu saa nzima tukisubiri zipoe. Ukisogeza kiganja karibu na diski ulisikia joto lake kabla ya kuigusa.

Sababu yenyewe ni hii. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 4, aina inayotumiwa sana, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu unayabonyeza tu, hayasukumi pedi. Ya baba yako yalikuwa hayajabadilishwa tangu ainunue ile pikipiki. Mwanangu, badilisha mafuta ya breki kabla hamjaondoka, hata kama yanaonekana bado. Na mteremkoni acha gia ifanye kazi. Wenye malori wanasema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, nawe ushuke hivyohivyo. Breki unaishika kwa nguvu kwa muda mfupi, unapunguza mwendo, unaiachia ipumue. Usiining'inie.

Usiku ule tuliongea kuliko tulivyokuwa tumeongea kwa mwezi mzima. Nikamweleza habari za breki inayokuja bila taarifa, za baridi, za kufumba macho. Yeye akaniambia jambo ambalo sikulijua: kwamba nikijivuta upande wa nje, pikipiki inapanuka kwenye kona na kuelekea ukingoni. Kumbe kila mmoja alikuwa akimtisha mwenzake bila kujua.

Kesho yake tulipumzika. Pale tulipofikia palikuwa na mzee mmoja mwendeshaji wa miaka mingi, na baba yako akamwomba kitu ambacho sikutarajia: ampakize nyuma, wapande kona kumi na kurudi. Walikaa nusu saa. Baba yako aliporudi alishuka taratibu, akavua helmeti, akakaa karibu nami bila neno. Halafu akasema, "Sikujua." Basi.

Na wewe nakuomba ufanye hivyo kabla ya kuondoka. Mtafute mtu mzoefu unayemwamini, akupakize mahali penye kona. Nusu saa hiyo itakufundisha kuliko barua yangu.

Tangu siku ile tulikuwa na alama zetu. Kabla ya kushika breki kali aliinua kidogo kidole cha mkono wa kushoto. Mimi nikajua, nikakaza magoti kwenye nyonga zake na kuegemeza kiganja kimoja kwenye tangi. Nikimgonga bega mara moja, apunguze. Mara mbili, asimame mahali pa kwanza penye usalama, na haulizi kwa nini mpaka tumesimama. Siku hizi kuna vifaa vya kuongelea ndani ya helmeti, na ni vizuri sana, ila betri huisha, kwa hiyo alama za mikono mzijue zote. Na kwenye kona nilijifunza kutazama juu ya bega lake la upande ule tunaogeukia, basi. Mwili unafuata macho wenyewe, huna haja ya kujilaza wala kujizuia.

Hiyo ya macho ni yako pia. Kwenye kona ya kujikunja ukitazama bonde, pikipiki itakwenda bondeni. Geuza kichwa mpaka uone barabara unakokwenda, hata kama shingo inauma. Kule mnaendesha upande wa kulia, kwa hiyo kona za kulia ndizo zinazobana kuliko zote: uko ndani kabisa, mwinuko ni mkali, mwendo ni mdogo na mna uzito wa watu wawili. Subiri gari linaloshuka lipite kwanza. Ingia kwa upana wa upande wako, shikilia mafuta kidogo, mguu kwenye breki ya nyuma. Usikate injini katikati ya kona, hapo ndipo watu huangukia, na wakianguka wanaanguka wawili.

Uzito wake usiuchukulie juujuu. Mtu akikaa nyuma, na mizigo nyuma yake, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi na taa inapanda. Ukiona wanaokuja wanakuwashia taa wakati wewe umewasha za chini, ujue ndiyo sababu. Kitabu cha pikipiki kinaeleza upepo wa tairi na ukazaji wa springi ya nyuma kwa watu wawili. Fuata hicho, usifuate kubahatisha. Vitu vizito viwe chini kwenye mabegi ya pembeni, si kwenye sanduku la nyuma. Na pale juu usishangae pikipiki ikiwa mvivu: hewa ya mita 2,700 ni nyembamba, injini inapoteza kama robo ya nguvu zake. Ili kulipita gari, bondeni unahitaji mita kadhaa, kule juu unahitaji nyingi zaidi. Baba yako anasema niliandike hili kwa herufi kubwa. Nimeliandika hivihivi, nawe utalisoma.

Umbali mliopanga ni mwingi mno. Umeandika kilomita 400 kwa siku. Milimani, wawili, 200 ni siku nzima, na siku nyingine 150. Ondokeni asubuhi mapema, kwa sababu majira ya joto radi na mvua huja mchana, na juu ya kilele chenye mawe matupu hakuna pa kujificha. Simameni kila saa moja, hata kama wewe hujachoka. Magoti ya wa nyuma yamekunjwa zaidi ya yako. Na akikaa kimya muda mrefu mwulize; wa nyuma anaweza kusinzia, nami nilisinzia mara moja nikashtuliwa na helmeti ya baba yako.

Mnunulieni, hapana, mwache achague mwenyewe koti na glavu za mvua. Asivae za kuazima. Nguo ya ndani ya joto avae mkiwa bado chini ambako kuna joto. Akishaanza kutetemeka umechelewa. Vizibo vya masikio pia, kwa wote wawili, maana kelele za upepo ndani ya helmeti huchosha kuliko jua.

Umeniuliza asije akajuta. Nikuhadithie mwisho wa yetu.

Siku ya tisa tulifika Grossglockner, kule Austria. Barabara ile ilibuniwa na mhandisi Franz Wallack, ikafunguliwa mwaka 1935, ina kilomita 48 na kona 36 pana kuliko za Stelvio, na inavuka mlima pale Hochtor, kwenye mita 2,504. Tulipanda asubuhi, theluji ya zamani bado iko pembeni. Nilikuwa nimevaa kila kitu. Baba yako alikuwa akiinua kile kidole, anabadilisha gia taratibu, na kati ya kona ya kwanza na ya kumi nikagundua kwamba helmeti zetu hazijagongana hata mara moja.

Karibu na juu kuna njia ndogo inayochepuka kwenda kilele cha Edelweissspitze, mita 2,571, imetandikwa mawe, mwinuko mkali, kona fupifupi. Baba yako aliipita bila kuingia. Hakuniuliza, alidhani ameshanielewa. Nikamgonga bega mara mbili. Akasimama mahali pa usalama, akageuka na wasiwasi usoni, akafungua kioo cha helmeti.

Nikamwonyesha ile njia ya mawe kwa kidole, nikamwambia, "Turudi. Nataka kwenda kule juu."

Mpe mkwe wangu ukurasa uliofungwa peke yake. Huo ni wake, wewe usiusome.

Mama yako