Siri ya Simu Huvujia Mfukoni: Jinsi ya Kufunga na Kuficha Ujumbe Wako

Kabla ya kupakua programu yoyote, jibu swali moja: unamficha nani ujumbe wako? Mfanyabiashara anayepatana bei ya mchele na msambazaji wake wa Busia anamwogopa mshindani wa kibanda cha pili. Mgonjwa anayekumbushwa na kliniki siku ya kuchukua dawa anamwogopa shemeji anayeazima simu kucheza gemu. Mwandishi wa habari anaogopa simu yenyewe kuchukuliwa. Hawa watatu hawahitaji kufuli moja. Makosa mengi huanza pale mtu anapohangaika na kufuli la mwandishi wa habari ilhali tatizo lake ni shemeji.

Tuanze na SMS, kwa sababu bado ndiyo inayobeba siri nyingi kuliko tunavyodhani. SMS haina kufuli kati yako na unayemwandikia. Inapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu ikiwa maandishi yanayosomeka, kutoka laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu kunasa mawasiliano inaruhusu mawasiliano kunaswa kwa kibali cha jaji, na sheria hiyohiyo ina kifungu cha kumtaka mtu atoe funguo ya maandishi yaliyosimbwa, yaani yaliyogeuzwa yasisomeke bila funguo hiyo. Ibara ya 27 ya Katiba nayo inalinda faragha ya mawasiliano yako. Yajue yote mawili, usishike moja tu.

Ukitumia programu ya ujumbe ya Google kwenye Android, unaweza kuona alama ndogo ya kufuli kwenye kitufe cha kutuma. Maana yake ni kwamba ninyi wawili mnatumia RCS, mfumo wa ujumbe unaopitia intaneti badala ya SMS, na ujumbe umesimbwa mwanzo hadi mwisho, yaani unasomeka kwenye simu zenu mbili tu. Alama isipokuwepo, kinachokwenda ni kitu cha wazi. Mwenzako akikosa data, simu inaweza kurudi kwenye SMS bila kukupigia kelele, kwa hiyo itazame alama hiyo kila mara, si siku ya kwanza tu.

Sasa skrini, ambako uvujaji mwingi hutokea. Watu huweka programu nzuri kabisa, kisha ujumbe unaingia simu ikiwa mezani na mstari wa kwanza unasomwa na kila aliyekaa hapo. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya arifa, uchague arifa za skrini iliyofungwa zisionyeshe maudhui nyeti. Kisha ingia ndani ya programu yenyewe. Signal, programu ya ujumbe nitakayoieleza baadaye, inakuruhusu kuchagua arifa isiyo na jina wala maneno, na hiyo ndiyo ya kuchagua, maana wakati mwingine jina peke yake ni habari kamili.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawajawahi kukifungua: historia ya arifa. Kuanzia Android 11, simu inaweza kuhifadhi arifa za saa 24 zilizopita, pamoja na maneno yake. Ukifuta ujumbe kwenye WhatsApp, mstari wake unaweza kuwa bado umekaa pale. Tafuta “historia ya arifa” kwenye mipangilio na uizime.

PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Ya tarakimu sita ina 1,000,000. Mchoro wa kuburuta kidole ni dhaifu kuliko zote mbili, kwa sababu abiria aliyeketi nyuma yako kwenye taksi anaukariri kwa kuuona mara moja. Alama ya kidole ni rahisi, lakini kidole chaweza kubonyezwa kwa nguvu au ukiwa umelala. Ukihisi hatari, zima simu kabisa: ikiwashwa tena, haikubali kidole mpaka PIN iandikwe kwanza.

WhatsApp imesimba mazungumzo mwanzo hadi mwisho tangu Aprili 2016, na kwa mambo ya kila siku inatosha ukiipanga vizuri. Shida yake kubwa ni nakala rudufu. Mazungumzo yanayohifadhiwa Google Drive hayako chini ya kufuli lile la mwanzo hadi mwisho mpaka uwashe mwenyewe usimbaji wa nakala, uliokuja mwaka 2021. Njia yake: mipangilio, mazungumzo, nakala ya mazungumzo, kisha nakala iliyosimbwa. Utaombwa kuweka nywila au kupokea funguo ndefu ya herufi na tarakimu 64. Iandike kwenye karatasi na uihifadhi, kwa sababu ukiipoteza pamoja na simu, nakala hiyo haifunguki. Na kumbuka kwamba kusimba nakala yako hakugusi ya mwenzako. Kama yeye hakuwasha, mazungumzo yenu yaleyale yako Drive kwa upande wake.

Ukiwa hapohapo, zima kuonekana kwa picha za WhatsApp kwenye galari, la sivyo kila picha ya siri huingia kwenye albamu ya familia. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na utoe usichokitambua. Mtu akishika simu yako ikiwa wazi kwa dakika moja, hasa kama anaijua PIN yako, anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, na kuanzia hapo anakusoma akiwa kwake. Kwa mtu anayeishi na mwenza mwenye wivu, kuangalia orodha hii kila wiki kuna thamani kuliko programu mpya yoyote.

Uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp nao ni lazima. Ni PIN ya tarakimu sita inayoulizwa namba yako inaposajiliwa kwenye simu nyingine. Bila hiyo, aliyefanikiwa kubadilisha laini yako, au aliyekuhadaa umsomee namba iliyoingia kwa SMS, anaichukua akaunti. PIN hii isifanane na ya mobile money.

Kuficha mazungumzo ya mtu mmoja kwenye WhatsApp ni rahisi: yabonyeze kwa muda, chagua kuyafunga, kisha weka msimbo wa siri kwenye mipangilio ya folda ya mazungumzo yaliyofungwa na uifiche. Folda hutoweka kwenye orodha, na hufunguka ukiandika msimbo huo kwenye sehemu ya kutafuta. Msimbo uwe tofauti na PIN ya simu, kwa sababu anayeishi nawe huenda anaijua PIN. Ila mtu huyo akikupigia, simu inaita kama kawaida.

Kuhusu WhatsApp za kubadilishwa kama GBWhatsApp, usiziweke. Hazitoki kwa wenye programu, hupakuliwa nje ya Play Store, na huwezi kujua kilichoongezwa ndani. WhatsApp pia hufungia akaunti zinazozitumia.

Kwa siri nzito, tumia Signal. Ni bure, haina matangazo, na haikusanyi orodha ya unaozungumza nao. Baada ya kuisajili kwa namba yako, fanya haya kabla ya kutuma neno la kwanza. Weka PIN na uwashe kufuli la usajili, linaloiuliza PIN hiyo namba yako inaposajiliwa kwenye simu nyingine. Kwenye faragha, weka kwamba namba yako isionekane na mtu yeyote, na kama hutaki kutafutwa kwa namba, funga hilo pia. Kisha tengeneza jina la mtumiaji, linaloishia na tarakimu, uwape watu hilo badala ya namba. Washa kufuli la skrini la programu, na uwashe kibodi fiche, inayoiomba kibodi isijifunze maneno yako. Ni ombi tu: kibodi ya ovyo iliyopakuliwa kwa ajili ya mapambo yaweza kulipuuza, kwa hiyo iondoe.

Baada ya hapo, linganisheni namba ya usalama, ili mhakikishe hakuna mtu aliyejipenyeza kati yenu. Kila mazungumzo yana tarakimu 60 zilizopangwa kwa mafungu 12 ya tano tano. Mkikutana, mmoja askani picha ya mraba ya mwenzake. Mkiwa mbali, someaneni tarakimu kwa simu ya sauti, si kwa ujumbe ndani ya mazungumzo yaleyale mnayoyahakiki. Namba hii huweza kubadilika mtu anaponunua simu mpya au kuifuta programu na kuiweka upya, na hubadilika vilevile mtu mwingine akiiteka namba yake. Ukiona tangazo la mabadiliko, mpigie kwanza. Usiendelee kuandika eti kwa sababu picha ya wasifu ni ileile.

Ujumbe unaotoweka una tofauti ambayo huwachanganya watu. Kwenye Signal, saa ya mpokeaji huanza kuhesabu anapousoma, na unaweza kuchagua muda kuanzia sekunde hadi wiki nne. Kwenye WhatsApp kuna saa 24, siku 7 au siku 90, na hesabu huanza unapotuma. Kwangu, wiki moja kwenye Signal inatosha kwa mambo mengi. Muda mfupi mno huwafanya watu wapige picha ya skrini ili wasisahau maelekezo, na hapo mmerudi nyuma kuliko mlipoanza.

Signal hukuruhusu pia kubadilisha ikoni na jina lake kwenye skrini ifanane na programu ya hali ya hewa au ya madokezo. Humziba mtazamaji wa haraka, lakini arifa na orodha ya programu kwenye mipangilio bado husema Signal.

Wapo wanaopenda kutunga fumbo lao wenyewe, kwa mfano kusogeza kila herufi hatua tatu mbele. “Njoo kesho” linakuwa “qmrr nhvkr”. Linapendeza macho, lakini Kiswahili chenyewe kinalifichua. Karibu kila neno letu huisha kwa irabu, kwa hiyo herufi za mwisho za maneno zitakuwa za aina tano tu, na hapo juu r tayari imefunga maneno yote mawili. Andika mistari mitano na herufi inayojirudia kuliko zote itakuwa mbadala wa a. Isitoshe, kuna hatua 25 tu za kujaribu. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu humaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Kama mmoja wenu ana katochi isiyobeba programu, ni heri mkubaliane ana kwa ana maneno machache ya kawaida yenye maana yenu: kuulizia bei ya matooke iwe “nimefika salama”. Yawe machache, na yafanane na mazungumzo yenu ya siku zote.

Kama ni lazima maandishi yasimbwe kabla ya kupitia njia ya mtu mwingine, kuna OpenKeychain, programu ya kusimba maandishi kwenye Android. Kila mmoja hutengeneza jozi ya funguo: ya umma, ambayo unampa mwenzako kwa faili au kwa kuskani, na ya siri, ambayo haitoki kwenye simu yako. Unaandika ujumbe ndani ya programu, unachagua funguo ya umma ya mpokeaji, unanakili lile bonge la herufi na kulibandika kwenye barua pepe au popote. Kwa SMS haifai, na hesabu inaonyesha sababu. Funguo ya RSA, aina moja ya usimbaji, ya biti 3072 huongeza baiti 384, ambazo zikigeuzwa kuwa maandishi ni herufi 512. SMS moja hubeba herufi 160, na ikigawanywa kila kipande hubeba 153. Kwa hiyo umeshalipia SMS nne kabla ya neno lako la kwanza, na kipande kimoja kikipotea, bonge zima halifunguki. Udhaifu mwingine ni kwamba funguo ya siri ikiibwa pamoja na nywila yake, ujumbe wote wa zamani uliohifadhiwa unasomeka. Signal hubadilisha funguo kwa kila ujumbe, na hii ndiyo sababu naiweka mbele.

Nywila ya funguo hiyo isiwe methali. Haraka haraka haina baraka iko kichwani mwa kila anayejaribu kukisia. Chukua maneno sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa dadu au na programu ya kutunza nywila kama KeePassDX, ambayo pia ni mahali pazuri pa kuweka PIN na maandishi ya siri badala ya kujitumia SMS.

Wapo pia wanaoficha maandishi ndani ya faili ya picha kwa programu maalumu. WhatsApp huibana picha inapoituma kama picha, na kubanwa huko huharibu kilichofichwa. Itume kama hati. Isimbe kwanza, maana maandishi wazi yaliyofichwa kwenye picha ni pesa chini ya mkeka. Na usitumie picha iliyowahi kupostiwa mahali, kwa sababu akiilinganisha mtu na ile ya asili ataona zimetofautiana.

Intaneti nayo yaweza kukatika nchi nzima, kama Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Briar, programu nyingine ya ujumbe, hufanya kazi kwa Bluetooth au Wi-Fi bila intaneti, kwa umbali mfupi wa jengo au ua. Ni lazima iwekwe mapema na watu waongezane mapema, ana kwa ana kwa kuskani ikiwezekana. Aliyechelewa anaweza kupewa programu yenyewe na mwenzake kupitia hotspoti ya Briar. Nywila yake hairejeshwi kwa njia yoyote. Ukiisahau, akaunti imekwenda.

Simu ikivunjika kioo, toa laini na kadi ya kumbukumbu kabla ya kumkabidhi fundi, na usiandike PIN kwenye karatasi ya risiti. Kujaribu kioo kipya hakuhitaji PIN yako, na kama anasisitiza, kaa hapo uifungue mwenyewe. Simu unayoiuza irudishwe kwenye hali ya kiwandani, baada ya kutoa akaunti ya Google.

Ukimaliza kupanga yote, funga skrini, iweke simu mezani, na mwombe mwenzako akutumie neno “ndizi” kwa kila programu mnayotumia. Tazama skrini, saa ya mkononi kama unayo, kompyuta ya ofisini, galari na historia ya arifa. Popote utakapoliona neno ndizi bila kuandika PIN, rudi hapo urekebishe. Kisha badilishaneni, mfanye vivyo hivyo kwa simu yake.