Mkuu, ukifika jangwani usifungue hiyo kamera!

Mleta uzi, hapo uliposema "nitabeba bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi tatu niwe nabadilisha kulingana na mandhari" nimeiacha chai yangu ikapoa. Unatoka Cairo mwezi wa nne kwenda Jangwa Jeupe na mpango huo? Mpango huo ni wangu mimi. Nimeshautekeleza na hasara yake nimeshailipa, huna haja ya kuilipa tena.

USIFUNGUE KAMERA JANGWANI. Lenzi uliyoifunga Cairo ndiyo utakayoifungua Cairo. Mambo ya basi, nguo na malazi tutayaongea huko mbele, nikikumbuka.

Tulitoka alfajiri, tukavuka Nile taa za madarajani bado zinawaka. Mpaka Bawiti, mji mkubwa wa oasisi ya Bahariya, ni kama kilomita 370 za lami, na vizuizi vya ukaguzi njiani, kwa hiyo pasipoti usiitupe chini ya begi. Bawiti tukahamia kwenye Land Cruiser ya mzee mmoja mwenyeji tuliyemwita Ammu. Jangwa Jeusi nikalipiga raha mustarehe kwa lenzi ya 24-70, ile ya mandhari pana, vile vilima vimevishwa kofia za mawe meusi ya volkano. Ammu alikuwa haangalii vilima. Alikuwa anaangalia kusini, ambako anga ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akasema neno moja: khamsini.

Ndiyo, ni hamsini hiyo hiyo yetu. Ni upepo unaokuja kwa vipindi ndani ya siku kama hamsini za majira ya kuchipua, kati ya Machi na Mei. Kanda ya mgandamizo mdogo wa hewa inapita kaskazini kuelekea mashariki, inavuta hewa ya moto na vumbi kutoka Sahara, na joto linaweza kupanda nyuzi 20 ndani ya saa chache. Mara nyingi siku moja au mbili baadaye hewa ya baridi inaingia na kila kitu kinatulia kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo anayekwambia "Aprili ndio msimu wenyewe" amekupa nusu ya habari.

Sasa sikiliza kosa lilipo, maana watu hudhani nilisimama kwenye upepo nikabadilisha lenzi kama mwendawazimu. Hapana. Nilikuwa NDANI ya gari, vioo vimepandishwa hadi juu. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Jua lilikuwa limepauka, kiduara cheupe ambacho unaweza kukitazama kwa macho makavu, nikasema hii lazima niipate na 70-200, lenzi ya kuvuta vya mbali. Nimo ndani, kuna ubaya gani? Nikachomoa ile 24-70. Kamera ikakaa mdomo wazi labda sekunde kumi. Na Ammu, kwa roho yake nzuri, akaniona natoka jasho, akaniwashia feni ya gari.

Mkuu, yale matundu ya feni yalikuwa yamehifadhi vumbi la kila safari aliyowahi kuendesha. Lilitoka kwa pamoja, kama mtu anakung'uta gunia la unga mbele ya uso wako. Nilikohoa. Kamera haikohoi.

Hapo bado ningeweza kuokoka. Ningefunga lenzi, nikaiacha hivyo hivyo mpaka Cairo, vumbi lingetolewa na fundi na hadithi ingeishia hapo. Mimi nikapuliza kwa mdomo. Chekeni tu, nimeshazoea. Mate yakaenda kwenye sensa (ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha, si ile ya watu na makazi), vumbi likashika mate, nikapata tope. Halafu nikatoa kitambaa cha miwani nikafuta. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama ukucha unapita kwenye sufuria, na niliisikia vizuri kabisa, ila mkono ulikuwa umeshaenda na kurudi.

Kilichotokea ni hiki. Sehemu kubwa ya mchanga unaopeperushwa huko ni kwatsi, madini magumu ambayo kwa kipimo cha ugumu cha Mohs ina 7, na kioo cha kawaida kina kama 5.5. Ile chaki nyeupe ya Jangwa Jeupe ni laini, ina kama 3, haina neno sana. Lakini ukifuta huchagui unafuta kipi. Unakuwa umeshika msasa.

Sasa nimgeukie yule muuzaji aliyeniuzia kamera. Huyu bwana aliniambia, huku anagonga bodi kwa kidole kama anachagua tikiti maji: "Hii imezibwa kila mahali, vumbi haliingii, jangwani unaenda nayo kifua mbele." Imezibwa kila mahali, sawa, ila tundu kubwa kuliko yote ndilo linaloziba kwa lenzi, na wewe ukishaitoa lenzi umebaki na kikombe. Na hakunitajia kwamba lenzi ya zumu inayorefuka ukiizungusha inavuta hewa kama pampu ya baiskeli. Alikuwa ana haraka ya kuniuzia begi.

Kwa hiyo ukitaka lenzi mbili, tafuta bodi mbili. Azima, kodisha, omba. Ukikosa, chukua lenzi moja na uvumilie, miguu yako ndiyo zumu. Kioo cha mbele kifunge filta ya bei poa iumie yenyewe, vumbi la nje liondoe kwa pampu ya mpira na brashi laini, na kitambaa kiache kwenye miwani. Anga ikigeuka rangi, kamera iingie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko uingie kwenye begi, na wewe unywe chai.

Umeuliza pia droni. Iache nyumbani, Misri kuna sheria ya 2017, bila kibali cha Wizara ya Ulinzi unajitafutia kesi. Nyota: nenda mwezi ukiwa umefichika, na Aprili ile sehemu nene ya Njia ya Maziwa inachomoza baada ya usiku wa manane, kwa hiyo lala mapema. Kuna swali jingine uliuliza, la basi nadhani. Basi lipo.

Sisi upepo ulikata usiku ule, tukafika Jangwa Jeupe kesho yake, baridi, anga safi kama imeoshwa. Asubuhi iliyofuata mbweha mdogo mwenye masikio makubwa alikuja kunusa masufuria yetu, kisha akaenda kukaa chini ya ule mwamba wanaouita kuku, jua ndiyo linachomoza. Nikaweka kamera kwenye tripodi, nikabana tundu la mwanga la lenzi hadi f/11 ili mwamba na mbweha wote wawe wakali. Akatulia, hata hakupepesa. Picha ninayo mpaka leo, na mkwaruzo umeanzia shingoni kwa kuku ukaishia mbinguni.