Mahindi, matoke na rolex: maswali yenu kuhusu urithi

Msimu uliopita nilipanda mahindi chotara, nikavuna vizuri, nikaweka mbegu. Safari hii mengine marefu, mengine mafupi, magunzi madogo. Niliuziwa mbegu feki? (Mkulima, Masindi)

Hapana, dukani hukuibiwa. Mbegu chotara ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili waliozalishwa ndani kwa ndani hadi kila mmoja akawa sare. Kila mmea hupata seti moja ya jeni kwa mama na moja kwa baba, ndiyo maana shamba zima husimama kama gwaride. Ukipanda punje zake, karata zinachanganywa upya. Kila jeni ambayo wazazi walitofautiana, nusu ya mimea sasa hubeba nakala mbili zinazofanana, na udhaifu uliokuwa umefunikwa unajitokeza. Ndiyo hayo mafupi yako.

Ukitaka mbegu ya kuweka, tafuta ya uchavushaji huria, yaani mahindi yaliyoachwa yachavushane yenyewe, mfano Longe 5, ile wanayoiita Nalongo. Ipande mita 200 au zaidi kutoka mahindi mengine, maana chavua husafiri na upepo. Chagua mimea ikiwa bado imesimama, katikati ya shamba, si pembeni. Chukua magunzi 100 au zaidi. Wengi huchukua kumi yaliyonona kuliko yote, na hapo ndipo wanapoharibu: wazazi wachache maana yake ni ndugu kuzaana na ndugu. Pukuchua punje za katikati ya gunzi, kausha. Kupima, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani.

Mimi na mke wangu sote ni AS, yaani tuna jeni moja ya siko seli (S) na moja ya kawaida (A). Watoto watatu wa kwanza ni wazima. Wa nne ndiye atakayekuwa na siko seli? (Jinja)

Mimba haihesabu zilizotangulia. Kila moja ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS (mwenye ugonjwa), 2 kati ya 4 ya AS, 1 kati ya 4 ya AA. Ya nne ni sawa na ya kwanza. Mtoto akizaliwa, apimwe mapema.

Jeni hii haijapotea kwa sababu mtoto wa AS hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Utafiti wa 1949 uliikuta kwa watu wapatao 45 katika kila 100 huko Bwamba, bonde lenye mbu tele.

Baba mkwe anasema mgomba wangu wa Kibuzi, aina ya matoke, ni ule ule wa babu yake. Kweli? (Masaka)

Kweli tupu. Chipukizi si mtoto wa mgomba, ni mgomba wenyewe umejisogeza. Matoke yana seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), 11 kila moja, na tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo hayatoi mbegu. Kibuzi, Mbwazirume, Nakitembe na Musakala zilitofautiana pale seli ya chipukizi iliponakili vibaya, mkulima akaona mkungu wa aina yake, akaupenda, akaupanda tena.

Hasara yake ni kwamba ugonjwa ukishinda mmoja, umeshinda wote. Mnyauko wa bakteria ulionekana Mukono 2001 na bado unatusumbua. Chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume, lile la zambarau linaloning'inia, kwa mti wenye panda. Usilikate kwa kisu. Panga lipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na usichukue machipukizi kwenye shamba lenye ugonjwa.

Mchumba wangu ni wa ukoo wa Mamba kama mimi, ila yeye wa Busiro, mimi wa Buddu. Kwa damu sisi ni ndugu? (Kampala)

Kwa mila, waulize wazee wa ukoo, sisi hilo hatuligusi. (Wasomaji wa pwani: huyu mamba ni kamongo, samaki, si yule wa meno.) Kwa jeni, ukoo hufuata njia moja tu, ya baba, kama kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume tu. Vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za mababu, na ukoo unataja mmoja. Kwa hiyo wa ukoo mmoja nawe anaweza kuwa mbali kwa damu, na wa ukoo mwingine karibu: binti wa mama mdogo wako, mwenye ukoo wa baba yake, anashiriki nawe wastani wa moja ya nane ya jeni.

Mawazo nayo hurithiwa hivyo? (Mwalimu, Mbale)

Hayahitaji wazazi. Boda boda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia miaka ya 1960, leo ni pikipiki, na aliyeiiga hakuwa mtoto wa mtu wa Busia. Tena wazo hurithisha kilichojifunzwa, jeni haziwezi.

Tofauti kubwa ni kinachonakiliwa: maagizo, au sura ya kitu kilichokamilika? Chukua rolex, chapati iliyokunjwa na mayai ndani. Aliyeambiwa "kanda, funika nusu saa, sukuma, paka mafuta" hurudia hatua hizo hata mkono wake ukitetemeka, na atakayemfundisha hatarithi ule mtetemo. Aliyetazama tu barabarani huona mayai, kabichi, nyanya na mkunjo. Ile nusu saa ya kupumzisha unga haionekani, kwa hiyo haiigwi, na chapati yake hupasuka akiikunja.