Doa jeusi la unyayoni: picha ipi inamfaa daktari wa ngozi?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati, Lamu. Nina dermoskopu, lenzi ya kukuza ngozi, ya kubandika kwenye simu. Mvuvi mmoja ana doa jeusi kisiginoni, na picha nilizompelekea daktari wa ngozi Mombasa zimerudi, eti hazisomeki. Nakosea wapi? Nimwambie arudi baada ya miezi 3 tulinganishe?

JIBU: Ndugu muuguzi, umefanya vyema kukagua unyayo. Kwa wenye ngozi nyeusi, melanoma (saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi) nyingi huanzia hapo, viganjani au chini ya kucha.

Daktari anatafuta matuta ya ngozi, ile mistari ya alama za vidole. Rangi ikikaa kwenye mifereji baina ya matuta, aghalabu doa ni la kawaida. Ikikaa juu ya matuta yenyewe, hapo pana hofu. Picha isiyoonyesha mistari hiyo haimsaidii, hata iwe angavu vipi.

Kwa mtembea pekupeku, sugu ndiyo huziba kila kitu. Loweka kisigino kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika 10, kausha, parua taratibu bila kutoa damu. Dondosha spiriti au jeli ya ultrasaundi, kisha weka lenzi bila kukandamiza. Ukiona vipovu, rudia. Usikuze picha kwa kuvuta skrini kwa vidole. Ongeza picha ya unyayo mzima na nyingine ya karibu yenye rula ya milimita. WhatsApp hubana picha, kwa hiyo itume kama dokumenti.

Bado hujui tuta ni lipi? Paka wino wa kalamu juu ya doa, ufute: wino hubaki mferejini. Vitone vyeupe vya vitundu vya jasho huwa juu ya tuta.

Kwa akina mama, uliza kwanza hina na piko. Unyayoni ngoja zichujuke. Ukuchani, rangi ya kupaka husogea mbele na shina likatoka safi. Mstari wa melanoma huendelea kutoka shinani.

Miezi 3 ni ya doa bapa lisilo na dalili mbaya, tena kwa kifaa kile kile na mwanga ule ule. Lililoinuka, linalotoka damu, lenye kidonda au lenye rangi juu ya matuta, mpeleke akakatwe kipande kipimwe sasa. Mwenye ualbino naye, kidonda au gamba lisilopona mwezi mzima lisingoje picha. Saratani zake mara nyingi hazina weusi wowote. Na programu za simu zinazojibu “salama” usizitegemee: nyingi zimefunzwa kwa picha za ngozi nyeupe, na nyayo humo ni chache.